Ripoti Yenye Vipele

Katika maktaba ile kila mtu alikuwa na majina mawili, la wazazi wake na la wenzake, na lililofanya kazi ni la pili. Mkuu wa maktaba aliitwa Bwana Utaratibu, ingawa si mbele yake. Fundi wa kujalidi vitabu aliitwa Gundi. Na mwanamke aliyeshika Chumba Namba Nne, chumba cha wasomaji wasioona na wale ambao macho yameanza kuwaaga, aliitwa Mama Nukta, kwa kuwa katika jengo zima yeye ndiye mtu pekee mwenye macho mazima aliyeweza kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwili mdogo, sauti ndogo, na hasira ndogo aliyoitunza vizuri kwa ajili ya siku maalumu. Kazi aliianzia kwenye dirisha la mikoba, pale chini mlangoni, akipokea mifuko ya wasomaji na kuwapa vibati vyenye namba. Alikaa hapo miaka saba. Jirani yake alikuwa Dada wa Simu, mpokea simu wa maktaba, asiyeona tangu utotoni, ambaye kila saa ya chakula aliweka mapajani kitabu kikubwa kama sinia, akapitisha vidole, akacheka peke yake.

Siku moja Mama Nukta alishindwa kuvumilia.

"Mwenzangu, unacheka nini?"

"Lete kidole," akasema Dada wa Simu. "Nikikusimulia nitauharibu utamu."

Kidole kikatangulia, mtu mzima akafuata. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anasoma. Baadaye aliyeshika Chumba Namba Nne alistaafu, nafasi ikatangazwa, na hakuna aliyeiomba, maana wafanyakazi wengine walikiogopa chumba kile kana kwamba upofu huambukizwa kwa kukalia kiti. Akapewa yeye.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne kutoka chini, bila lifti. Mlangoni palikuwa na tangazo zuri la wino mweusi, kazi ya mkono wa Bwana Utaratibu mwenyewe: WASOMAJI WASIOONA WASOME MASHARTI HAYA KABLA YA KUINGIA. Masharti yalikuwa kumi na moja. Ndani mlikuwa na meza mbili, rafu ya vitabu vya nukta, na kompyuta moja yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Sauti hiyo wasomaji waliiita Mgeni, kwa kuwa ilisoma Kiswahili kama mtu aliyeshuka jana na mizigo yake mdomoni. Na ukutani lilisimama kabati la kioo lenye vifaa sita vya kusikilizia vitabu, vidogo, vyenye vitufe vikubwa vya kupapasa, vilivyotolewa na wafadhili miaka mitatu nyuma kwa hotuba na picha. Tangu siku ya picha havikuwahi kutoka. Kabati lilikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao Bwana Utaratibu, na juu ya kioo alibandika karatasi: USIGUSE.

Dada wa Simu alisomewa maneno hayo.

"Katika chumba cha watu wanaosoma kwa kugusa," akasema, "hiyo ni sawa na kubandika USITAZAME kwenye televisheni."

Wasomaji hawakuwa wengi, wawili watatu kwa siku, lakini walikuwa wa kudumu. Aliyemtoa jasho kuliko wenzake wote alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane, mpaka presha ya macho ikamfungia pazia, kwanza pembeni, kisha katikati. Siku ya kwanza alizipanda ngazi zote akizihesabu kwa sauti, akafika juu anahema.

"Shikamoo Mwalimu. Karibu kiti."

"Marahaba. Kiti baadaye. Nimekuja kujifunza kusoma gazeti."

"Nyumbani hakuna wa kukusomea?"

"Yupo. Mkwe wangu. Ndiyo shida yenyewe." Akakaa hata hivyo. "Ananisomea vizuri, kuanzia hali ya hewa mpaka mpira. Lakini akifika kwenye matangazo ya vifo anaruka. Eti hataki kunipandisha presha. Mama, nimekosa mazishi ya marafiki zangu watatu! Juzi nimekutana na mke wa mmoja wao sokoni, nikamwuliza, mzee mwenzangu hajambo? Alikuwa na wiki sita kaburini."

Mama Nukta alichukua simu ya Mwalimu, zawadi ya huyo huyo mkwe, akawasha ile sehemu inayoifanya itamke kila kinachoguswa. Kwa wiki tatu akamfundisha kutelezesha kidole kulia kwenda mbele, kushoto kurudi nyuma, kugonga mara mbili kufungua. Mwalimu aliichukulia simu kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

"Rudia! Sauti! Unamwogopa nani?"

"Mwalimu, haikusikii. Gonga mara mbili."

"Nimegonga."

"Umegonga meza."

Mwisho wa wiki ya tatu simu ikasoma tangazo la kwanza la kifo, neno kwa neno, mpaka majina ya wajukuu. Mwalimu alisikiliza huku ametabasamu kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani aliofaulu. Marehemu mwenyewe hakuwa anamfahamu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya saini. Kila chumba kilikuwa na daftari la wasomaji, na kwa muda mrefu Mama Nukta aliwaandikia wake. Siku moja Bwana Utaratibu alilipitia daftari hilo, akamwita ofisini.

"Watu arobaini, mwandiko mmoja. Hii tunaiitaje?"

"Mkuu, hawaoni. Nawaandikia."

"Utaratibu unasema msomaji asaini kwa mkono wake mwenyewe."

"Basi watasaini kwa mikono yao," akasema Mama Nukta kwa ile sauti yake ndogo.

Akachukua karatasi nene za rangi ya maziwa, kibao na sindano ya kutobolea nukta, akaviweka karibu na mlango. Kuanzia siku hiyo kila msomaji alitoboa mwenyewe jina, tarehe, saa na alichosoma. Mwalimu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza masomo ya nukta, alianza na jina lake, na lilimchukua siku nne. Miezi kumi na minne ikapita, kila karatasi ikila wiki mbili, mpaka zikawa karatasi thelathini ndani ya jalada la kamba. Na kwa kuwa walijua wenye macho hawawezi kuzisoma, wasomaji wakazoea kuongeza maoni mwishoni mwa mstari. Mama Nukta aliyasoma yote, akajitia hamnazo.

Ndipo ikaja barua kutoka makao makuu. Mkaguzi atapita, na vyumba visivyo na wasomaji vibadilishiwe matumizi. Bwana Utaratibu aliisoma barua ile kama mtu aliyeandikiwa na mchumba. Kwa muda mrefu alikuwa anataka Chumba Namba Nne kiwe Chumba cha Wageni Mashuhuri, chenye makochi na mapazia mazito, ingawa mgeni mashuhuri wa mwisho kupanda ngazi zile alikuwa yule wa siku ya picha. Makochi yalikuwa yameshaagizwa. Mama Nukta aliambiwa ajiandae kurudi kwenye dirisha la mikoba.

"Lakini Mkuu, wasomaji wapo."

"Ripoti ndiyo itakayosema."

Wiki ile ile Mama Nukta aliomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza kwa miaka miwili, ampeleke mama yake kliniki ya macho. Waliishi pamoja. Mama mtu alikuwa na miaka sabini na sita na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anaona vizuri sana. Akimimina chai nje ya kikombe, kikombe ndicho kilichosogea. Akilisalimia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, ilikuwa ni adabu tu. Kliniki walimwonesha ubao wa herufi, akasema zimeandikwa vibaya.

Daktari alimvuta Mama Nukta pembeni. Mishipa ya macho imechoka, akasema. Mwaka mmoja, labda miwili, na kusoma kutakuwa kumekwisha. "Azoee mapema vitu vya kusikiliza na vya kugusa, kabla giza halijakamilika. Mna mahali pa kumfundishia?"

"Papo," akasema Mama Nukta. Kisha akayakumbuka makochi.

Nje, mama yake alimshika mkono. "Amesemaje huyo?"

"Anasema macho yamechoka, mama."

"Yake yeye! Hukuyaona yale mamiwani aliyovaa?"

Daktari hakuwa amevaa miwani.

Na siku hiyo hiyo maktaba iliishiwa karatasi. Fomu ya kuomba karatasi ilikuwemo kwenye kompyuta, lakini kuituma makao makuu kulihitaji ichapwe, na kuichapa kulihitaji karatasi. Bwana Utaratibu, mwenye ripoti ya kuandika, alizunguka chumba kwa chumba kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Akaingia Chumba Namba Nne, akafungua jalada la kamba, akakuta karatasi nene, safi, zisizo na hata tone la wino.

Kesho yake asubuhi Mama Nukta alilikuta jalada limelala mezani tupu, kamba imefungwa vizuri kwa fundo la kiofisi. Akateremka mpaka ofisini.

"Mkuu, karatasi zangu."

"Ah, zile. Nimezitumia. Kumbe unaficha karatasi za ofisi huku sisi tunahangaika? Printa ilizikataa, ikabidi niandike kwa mkono mchana kutwa." Alijivunia mwandiko wake, mkubwa, wa mikia, wenye nafasi ya kupumua kati ya mstari na mstari. "Ila ubora wake, hapana. Zimejaa vipele. Kalamu inaruka kama gari kwenye barabara mbovu."

"Mkuu, hivyo vipele ndiyo daftari la wasomaji."

Bwana Utaratibu akakohoa. Hakuwa mjinga. Alielewa mara moja, na kuelewa huko kulimpitia usoni kama kivuli cha ndege. Lakini alikuwa mtu ambaye akishapiga muhuri, hata akikosea jina lake mwenyewe, ataanza kuitikia hilo jipya.

"Mimi sikuona kitu pale."

"Haionwi, Mkuu. Inashikwa."

"Basi kumbukumbu isiyoonekana si kumbukumbu. Ripoti nimeshaisaini, nimeshaipiga muhuri, kurasa thelathini. Ipo kwa fundi, anaibana vipele vilale, halafu aijalidi. Mkaguzi anakuja kesho. Funga mlango ukitoka."

"Anaibana?"

Mama Nukta hakuufunga mlango.

Karakana ya kujalidi ilikuwa chini kabisa ya jengo, na katikati yake palikaa mashine ya chuma ya kubania vitabu, yenye gurudumu juu kama usukani wa lori. Alimkuta Gundi amelishika gurudumu kwa mikono miwili.

"Gundi, simama!"

"Nimeambiwa nibane."

"Umeshabana?"

"Ukurasa wa kwanza tu, kujaribu. Umelala kama shuka lililopigwa pasi."

Mama Nukta aliuchukua, akapitisha kidole. Hakuna. Wiki mbili za watu zilikuwa zimelala bapa chini ya mwandiko wa mikia. Alisimama nao mkononi, na Gundi, aliyemfahamu tangu enzi za dirisha la mikoba, akaachia usukani.

"Mama, mimi natumwa tu. Nikikataa ataniandikia barua."

"Usikatae. Amekwambia ubane, ubane. Kwani amekwambia ubane kwa nguvu gani?"

Gundi akafikiri. Naye alikuwa na kinyongo chake. Maombi yake ya gundi mpya yalikuwa yamerudishwa mara nne kwa sababu muhuri ulikaa kona ya kushoto badala ya kulia.

"Hilo hakulisema," akakubali.

Akatafuta sifongo ya godoro, akaiweka juu na chini ya kurasa ishirini na tisa zilizobaki, akazungusha usukani mpaka chuma kikaibusu sifongo, akahesabu moja mpaka kumi, akafungua. Kwenye fomu ya kazi akaandika: Imebanwa. Kisha akaijalidi ripoti kwa jalada jekundu na herufi za dhahabu, kazi safi, kwa sababu kinyongo ni kinyongo lakini ufundi ni ufundi.

Siku ya mkaguzi, maktaba ilifungwa kwa wasomaji. Ndivyo ilivyokuwa kila ukaguzi. Wasomaji huchafua, na Bwana Utaratibu alitaka mkaguzi aikute maktaba inavyopaswa kuwa. Mlinzi wa getini alipewa amri asipite mtu. Saa nne kasoro robo akatokea Mwalimu na fimbo yake.

"Leo hakuna kusoma, mzee. Kuna mkaguzi."

Mwalimu akainamisha sikio. "Sauti hiyo naijua. Dawati la tatu, dirishani. Uliwahi kujifunza kugawanya?"

"Nilijifunza, Mwalimu," akasema mlinzi, mtu wa miaka arobaini na tano mwenye rungu.

"Basi gawanyika nipite."

Dada wa Simu hakuhitaji geti. Yeye alikuwa ndani, hatua kumi kutoka ofisi ya Bwana Utaratibu, kama kila siku. Aliweka simu pembeni, akapanda.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea, na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa mbele yake, kana kwamba anamsomea imla karani asiyeonekana. Alipofika Chumba Namba Nne akasimama mlangoni.

"Wasomaji wasioona wasome masharti haya kabla ya kuingia," akasoma. Akalitazama tangazo, kisha Bwana Utaratibu. Akaingia, akafika kwenye kabati. "Usiguse." Akalijaribu kufuli kwa kidole.

"Na hawa ni nani?"

"Huyu ni mpokea simu wetu," akasema Bwana Utaratibu. "Na mzee huyu, nadhani amepotea njia."

"Sijapotea," akasema Mwalimu. "Ngazi thelathini na nne, kushoto, mlango wa pili. Wewe ndiye sijawahi kukusikia huku."

Mkaguzi akaketi, akafungua lile jalada jekundu. "Katika kipindi cha miezi kumi na minne, Chumba Namba Nne hakijaingiwa na msomaji hata mmoja." Akafunua ukurasa, akasugua karatasi kwa kidole gumba. "Mbona ina vipele?"

"Ni aliyetuletea karatasi, mheshimiwa. Tutamwandikia barua kali."

Ile hasira ndogo ya Mama Nukta ilikuwa imengoja siku yake kwa miaka mingi, na sasa ilisimama, ikajinyoosha.

"Si aliyeleta karatasi," akasema. "Ni wasomaji. Hilo ndilo daftari lao, Mkuu ameandika juu yake. Naomba umpe Mwalimu akushikie."

Mwalimu akapewa ukurasa wa kwanza. Vidole vyake vikapita juu mpaka chini, vikarudi.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Bwana Utaratibu akashusha pumzi kwa sauti. Mama Nukta akaufunua ukurasa wa pili, akaiweka mikono ya mzee juu kushoto, akarudi nyuma. Alijua Mwalimu alivyokuwa mzito wa kusoma. Alijua pia sifongo haikuwa nene sana.

Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma. Kisha Mwalimu akaanza kusoma herufi kwa herufi, kwa kusitasita, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeitwa mbele. Lilikuwa jina lake mwenyewe na la baba yake. Likafuata neno gazeti. Hakuna mwongo duniani anayeweza kudanganya polepole namna ile.

"Mwandiko mbaya sana," akamalizia. "Huyu alistahili kurudia darasa."

"Mpe mwenye kasi," akasema mkaguzi.

Dada wa Simu akavuta kiti. Wakasoma kwa zamu, mkaguzi wino, Dada wa Simu nukta, kutoka ukurasa ule ule.

"Ni dhahiri kwamba huduma hii haihitajiki katika eneo letu," akasoma mkaguzi.

"Tarehe tatu, saa saba, mpokea simu, hadithi, sura ya tisa. Tarehe tatu, saa nane, mkandaji misuli wa hospitali, kitabu cha mifupa, ameomba kirekodiwe kwa sauti," akasoma Dada wa Simu.

"Vifaa vilivyotolewa na wafadhili vimetunzwa katika hali nzuri."

"Tarehe nne, kabati bado lina kufuli. Nimeligonga kioo, vifaa havikuitikia."

"Mheshimiwa, anatunga!" Bwana Utaratibu alikuwa amesimama. "Anajisemea kutoka kichwani!"

Mkaguzi alifunua kurasa kadhaa mbele, Dada wa Simu akasoma. Akafunua nyingine, akasoma. Kisha akarudi nyuma, akamwekea vidole kwenye ukurasa.

"Tarehe tatu, saa saba, mpokea simu, hadithi, sura ya..." Dada wa Simu akainua uso. "Huu tumeshausoma, mheshimiwa. Umenirudisha."

"Samahani," akasema mkaguzi. "Endelea na wa mwisho."

Wa mwisho Dada wa Simu aliusoma kimya kwanza, akasita, akauliza kama ni lazima. Akaambiwa ni lazima.

"Tarehe ishirini, saa saba, mpokea simu. Leo amekuja fundi kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Sisi hatuna haja ya mapazia. Nani huyo anayekuja kukaa humu asiyetaka kuonekana?"

Mwalimu alicheka mpaka akaangusha fimbo. Mkaguzi alitoa kalamu, akaandika mstari mmoja kwenye jalada jekundu, na kama kawaida yake akausoma. "Chumba kinatumika. Kibaki." Akamgeukia Bwana Utaratibu. "Ufunguo wa kabati."

"Upo mahali salama, mheshimiwa."

"Wapi?"

Ulikuwa salama kiasi kwamba hakuna aliyejua ulipo. Akaitwa Gundi na bisibisi, na baada ya dakika mbili kioo kikawa wazi. Katika vifaa sita, vinne vilikuwa vimekufa kwa kulala, betri zimevimba. Viwili viliamka vilipochajiwa, vikataka viambiwe tarehe.

Bwana Utaratibu hakuangushwa na jambo lile. Watu wa aina yake hawaanguki, huhamia upande wa pili wa sentensi. Katika taarifa ya mwezi aliandika kwamba, chini ya uongozi wake, maktaba imebuni njia ya kutunza kumbukumbu mbili kwenye karatasi moja. Ila tangu hapo, wenye macho wa jengo lile wanasimulia, hagusi kalamu kabla ya kuipapasa karatasi kwa kiganja, mbele na nyuma, huku anaangalia mlangoni. Tangazo lake la masharti liling'olewa na mtu asiyejulikana. Gundi alipoulizwa, alisema gundi ya siku hizi haina nguvu, na kwamba alishaomba mpya mara nne.

Mwalimu naye alifungua darasa lake nyumbani. Jumapili moja alimwacha mkwe asome gazeti lote, hali ya hewa, mpira, kila kitu, mpaka akalikunja.

"Na ukurasa wa kumi na nne?" akauliza Mwalimu kwa upole.

Jumamosi iliyofuata mkwe alimpeleka Mwalimu mazishini kwa gari.

Makochi yalifika. Utaratibu haukuruhusu kurudisha kitu kilichoagizwa kwa ajili ya Chumba Namba Nne, wala kukiweka kwingine, kwa hiyo yalipandishwa ngazi zote thelathini na nne, yakapangwa kati ya rafu na Mgeni. Yalikuwa mekundu, wekundu wa kupiga kelele. Habari zake zilimfikia mama yake Mama Nukta, ambaye miezi yote alikuwa amekataa katakata kukanyaga mahali pale.

"Nimekuja kuyaona makochi tu," akasema mlangoni, mkono mmoja ukutani. "Si hayo mavinundu yenu."

Akapelekwa, akakaa. Akakipapasa kitambaa kwa kiganja chote, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mwalimu, aliyekaa upande wa pili, akazima simu yake kwa heshima.

"Mazuri sana," akasema mama. Kisha akashusha sauti wengine wasisikie, katika chumba chenye masikio makali kuliko vyote vya jengo lile. "Mwanangu, ni ya rangi gani?"

Mama Nukta aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Mekundu, mama."

"Ndivyo nilivyodhani." Akanyoosha mkono. "Haya, lete hiyo sindano nisaini. Nasikia humu usipojiandika wanasema hukuwepo."

Mama Nukta akamwekea kibao magotini, akamshika mkono. Mama yake akatoboa nukta ya kwanza, akaigeuza karatasi, akaitafuta kwa kidole, akaikuta imekaa pembeni. Akasema kibao ndicho kilichosogea.